Ukuta wa Nyuma ya Kabati

Kabati la Bibiana liliwashinda wabebaji wawili, akaitwa wa tatu, naye wa tatu akaanza kazi kwa kucheka.

"Mama Debora, humu ndani umemhifadhi nani?"

"Mume wangu nilimzika mchana kweupe na wewe pilau ulikula. Shika kona hiyo usukume."

Mizigo mingine yote ilishatangulia Mikumi kwa pikapu: magodoro, masufuria ya shughuli, viti vya plastiki, hata lile jiko kubwa la vitumbua. Lilibaki kabati tu. Kesho yake asubuhi Bibiana na mnunuzi wa nyumba yake, Sironga, walikuwa waende kwa mwenyekiti wa kitongoji kuandikishana, na wino ukikauka yeye anapanda basi.

Wakasukuma. Kabati likalia sakafuni, likasogea, na harufu ikatoka.

Ilikuwa harufu ya gunia la mahindi lililonyeshewa likasahaulika. Bibiana alidhani panya kafia nyuma huko, akainama kuchungulia. Ukuta ulikuwa umevimba. Kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kiuno chake plasta ilikuwa imefura kama shavu la mwenye jino bovu, rangi ya krimu imegeuka kahawia, na juu ya kahawia hiyo vimeota vijinywele vyeupe vya chumvi. Akaweka kiganja. Kilirudi kimelowa.

Septemba hiyo. Kilosa nzima ni vumbi, majani ya migomba yamekunjamana, mto Mkondoa wenyewe umebaki kijito ambacho mbuzi anavuka bila kulowa tumbo. Sasa maji haya ya wapi?

"Vipi, Mama Debora? Nyoka?"

"Hamna kitu. Lirudisheni."

"Turudishe wapi?"

"Lilipokuwa! Nimebadili mawazo, kabati namwachia mnunuzi. Nyie mnalipwa kusukuma au kuuliza?"

Wakalirudisha, huku wakitazamana kwa jicho la pembeni. Walipoondoka Bibiana alijifuta kiganja kwenye khanga, akakinusa, akakifuta tena.

Aliyemjia akilini alikuwa Evarist.

Evarist alikuwa mume wa Hildegarda, nyumba ya kona. Mkondoa ulipoingia Magomeni, mtaa wao, mwanzoni mwa mwaka, maji yaliijaza nyumba ile kama yalivyozijaza nyumba zote za mstari huo, na ukuta haukutikisika. Ukaja kuanguka Julai. Julai ya jua kali! Evarist kala, kajilaza chumbani, kaweka redio kifuani anasikiliza mpira. Majirani walisikia kishindo kimoja, kama gunia limeshushwa kutoka kwenye lori. Walipofika na majembe wakafukua, redio ilikuwa bado inatangaza.

Ukuta mkavu, mchana, bila mvua wala upepo, unamwangukia mtu? Magomeni haikuhitaji kuambiwa. Kuna ndugu zake Kidete walikuwa wanagombea naye shamba, basi hao ndio wametuma kitu. Bibiana mwenyewe aliibeba habari hiyo nyumba kwa nyumba, kila anapofika anaiongezea nazi kidogo, mpaka Hildegarda akaona aibu, akahamia Kimamba kwa dada yake. Leo, mkono ukiwa bado unanuka tope, Bibiana aliona waziwazi kwamba watu wa Kidete hawakutuma chochote. Evarist alilala pembeni ya ukuta kama huu.

Akamwita Zabron.

Zabron ndiye fundi aliyeipiga plasta nyumba ya Bibiana. Alikuwa mtu wa maneno mengi, tena mtani wake. Akaingia anaimba, wakasaidiana kulisogeza kabati kona moja, akatoa msumari mfukoni, akaubonyeza ukutani. Msumari uliingia kama unaingia kwenye ugali. Wimbo ukakatika.

"Nani ameona?" akauliza.

"Mimi na wewe. Wabebaji waliona kabati tu."

"Ibaki hivyohivyo."

"Zabron, maji haya yanatoka wapi?"

"Yalikuwemo, mama. Tofali bichi lile. Lilikunywa maji ya mafuriko, na mimi nikaja na saruji..." Akauchomoa msumari, akaufuta kwenye suruali. "Nyie ndio mlikuwa mnanihimiza. Zabron fanya chapu, askofu anakuja."

Hilo lilikuwa kweli. Juni askofu alikuja kutoa kipaimara, na mstari ule mzima ulikuwa na watoto wa kupokea. Kipaimara ni wageni, ni ndugu kutoka Kimamba na Kidete na wengine mpaka Morogoro, na hakuna mama wa Magomeni aliyekubali wageni waje wakute kuta za tope zenye alama ya maji. Bibiana, ambaye mjukuu wake alipokea Juni hiyo, alitaka sebule ing'ae kuliko zote. Iling'aa. Watu walikula, wakacheza, wakausifia ukuta.

"Utaanguka?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Ukuta wowote huanguka, mama. Hata wa Yeriko."

"Nakuuliza huu!"

Zabron hakumtazama usoni. "Nitaparua, nitawasha jiko la mkaa hapa masaa mawili matatu, halafu nipige rangi ya mafuta. Kabati litakaa mbele. Kesho mnaandikishana, na kesho hiyohiyo uko Mikumi unahesabu malori."

Mikumi! Debora, bintiye, alikuwa na mgahawa kando ya barabara kuu, na nyuma ya mgahawa kuna chumba ambacho mlango wake unafungukia barazani wanaponywea chai madereva. Bibiana alikaa baraza lile asubuhi moja tu, na kabla ya saa sita alishajua dereva gani ana wake wawili na nyani gani ndiye mwizi wa maandazi. Alirudi Kilosa mwili tu. Magomeni yenyewe ilikuwa imempwaya. Baada ya mafuriko wenye uwezo walihamia juu, na sebule yake, ambayo zamani haikukosa watu wa kupiga soga, siku nyingine ilimkuta anaongea na kuku. Nyumba aliitangaza mpaka akachoka. Waliokuja waliuliza maji yalifika wapi, wakaoneshwa, wakaaga. Sironga peke yake ndiye aliyerudi mara ya pili. Akimkosa Sironga, hakuna mwingine, na atabaki hapa, yeye na ukuta wake.

"Paka," akamwambia Zabron.

Alasiri ile ilikuwa ndefu. Habari ya safari ya Bibiana ilikuwa imeenea, na majirani wakaja kumuaga, wamama na vijukuu vyao, sebule ikajaa kama zamani. Siku nyingine angefurahi mpaka machozi. Leo alikaa kwenye ndoo, mgongo kwenye mlango wa chumba chenye kabati, ambako Zabron ameshapaka akaenda zake, anacheka pasipochekesha. Alichoma ubani. Rangi mbichi na tope na ubani vikachanganyika, harufu ikawa mbaya zaidi.

Mzee Hezekia, jirani wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyeanza kunusa. Hezekia alikuwa mstaafu wa reli, naye nyumba yake aliitangaza ikakosa mtu, kwa hiyo Sironga alikuwa anamkaa kooni.

"Mama Debora, humu kunanuka kama kaburi limefunguliwa."

"Ni wewe umeingia, mzee."

Watu wakaangua kicheko. Hezekia naye akacheka, lakini pua ilikuwa bado inafanya kazi. Bibiana alisikia jasho linamtiririka chini ya khanga. Masikio yake yalikuwa nyuma, chumbani. Kila baada ya muda alisikia kitu: mchanga unamwagika taratibu nyuma ya kabati, kidogo, unaacha, kidogo tena. Au ni mende. Akaongeza sauti ya kuongea.

Ndipo pikipiki zikasimama nje, na watu wakaanza kusema hodi ya Kimasai.

Hakuwa Sironga peke yake. Alikuwa na mkewe, Namayiana, mwanamke mrefu aliyevaa shuka la zambarau na shanga mpaka mabegani, na watoto wao watatu. Walitoka mbugani tangu alfajiri ili walale kwa ndugu yao mjini, wawahi kesho.

"Yeyo, mama yangu, shikamoo," Sironga akasema. "Huyu mama watoto ametaka kuona kwanza."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, karibuni sana! Si tungeonana kesho?"

Watoto wakaja mmoja mmoja, wakainamisha vichwa wasalimiwe kama desturi yao. Bibiana akaviwekea kiganja, kilekile kilichogusa ukuta. Cha mwisho kilikuwa cha binti mdogo, kimenyolewa, kina joto la safari. Akaondoa mkono haraka kama ameungua.

Sironga aliketi akapewa chai. Bibiana alikuwa amemzoea. Mara zote mbili alizokuja alitazama bati, akatikisa mlango, akapima mipaka ya kiwanja kwa hatua, akauliza kama ndama anaweza kufungwa nyuma, basi. Bibiana akajisemea biashara imekwisha. Hakujua kwamba mwanaume yule alikuja kuangalia kiwanja tu.

Namayiana hakuketi. Alisimama katikati ya sebule na kuzungusha macho, kisha akaenda ukutani, akaupapasa kwa kiganja kuanzia juu kushuka chini, kama mtu anayempapasa ng'ombe mgonjwa.

"Mama, kaa kwanza unywe chai," Bibiana akasema.

"Nitakunywa. Kwetu nyumba anajenga mwanamke. Huyu," akamwonesha mumewe kwa kidevu, "nimemjengea nyumba nne, na hajui hata moja mlango ulitazama wapi."

"Kweli kabisa," Sironga akakubali, anapuliza chai.

Wamama wakacheka, wakampenda papo hapo. Bibiana akanyanyuka kwenye ndoo. Alimtembeza Namayiana jikoni, akamtembeza stoo, akamtembeza uani kumwonesha choo na mti wa mpera, anaongea bila kumeza mate. Aliporudi naye sebuleni aliona mlango wa chumba uko wazi.

"Na humu?"

"Humu ni chumba tu. Kuna kabati, nakuachieni, mbao ya mninga hiyo."

"Ndiyo chumba cha watoto," Sironga akaitikia toka kwenye chai yake. "Nilikwambia."

Namayiana akaingia. Bibiana akamfuata.

Binti mdogo alikuwa ametangulia. Joto la siku ile lilikuwa la kutoa mtu akili, na mtoto, kama kuku, alijua pa kwenda. Alikuta pembe yenye ubaridi, kati ya ubavu wa kabati na kona, akajilaza palepale sakafuni, mgongo umeegemea ukuta, macho yanajifumba. Juu ya kichwa chake rangi mpya ya Zabron ilikuwa imeinuka malengelenge, makubwa kama mapera, na moja lilikuwa limepasuka linachuruzika.

"Hapa kuna baridi nzuri," Namayiana akasema.

Mchanga ukamwagika nyuma ya kabati. Safari hii haukuacha.

Bibiana hakukumbuka baadaye alivukaje chumba kile. Alichokumbuka ni mkono mdogo ndani ya mkono wake, na kilio cha mtoto, na sauti yake mwenyewe inapiga kelele, "Toka hapo! Toka! Ukuta!" Alimburuta mpaka sebuleni, wakaangukia wote miguuni kwa wamama. Nyuma yao kipande cha plasta kikashuka, si kikubwa, kikapasuka sakafuni kwa sauti nyepesi kama sahani. Ukuta ukabaki umesimama.

Mtoto peke yake ndiye aliyekuwa analia.

"Yeyo," Sironga akasema polepole, kikombe mkononi, "una nini?"

Njia ilikuwepo. Angeweza kusema ameona nge. Wangemwamini, wangecheka, kesho wangeandikishana. Bibiana alimtazama yule mtoto, mgongoni shuka lake lina doa la maji mpaka mabegani, akashindwa kulitaja hilo neno nge.

"Ukuta umelowa," akasema. "Umeoza. Nimeona leo asubuhi nikaficha. Evarist wa Hildegarda aliuawa na ukuta kama huo. Siwezi. Mwanao asilale hapo."

Aliyetangulia kuinuka ni Namayiana. Aliwaita wanaume watatu, kabati likaondolewa, na watu wote waliokuja kuaga wakajibana mlangoni kutazama. Alifinya ukuta kwa kidole gumba, akatoa donge, akalikamua. Likatoka tope lililokuwa tofali.

"Hili lilikuwa limelowa mkalivalisha koti," akasema. "Udongo unapumua. Ukilowa unauacha uchi, ukauke, ndiyo unaupaka. Nyie mmelifunga na saruji linakunywa jasho lake." Akamgeukia mumewe. "Na wewe uliangalia nini mara zote mbili?"

"Bati."

"Bati! Ng'ombe ukinunua unaangalia pembe?"

Hakuna aliyecheka. Mzee Hezekia alijipenyeza mbele, amenyoosha shati, uso umechangamka.

"Msihangaike, wanangu. Ukuta wa pili hapo ni kwangu. Kwangu kukavu kama biskuti, na bei tunaongea. Plasta nzima, ya Juni tu hii..."

Akasita. Aliangalia donge la tope mkononi mwa Namayiana.

"Kafanya fundi gani?" Namayiana akamuuliza.

"Zabron," Hezekia akasema, na sauti ikamtoka nyembamba.

"Na hii?"

"Zabron," Bibiana akajibu.

Mama mmoja kwenye mlango akashika kifua. "Na kwangu." Mwingine nyuma yake, ambaye alikuwa amembeba mjukuu, aligeuka akatoka anakimbia, kandambili moja ikabaki kizingitini. Kisha wakatoka wote. Mwanzo walitembea kwa adabu, halafu mtu akaita jina la mtoto wake, na hapo wakaanza kupiga mbio.

Sebuleni wakabaki wenye kuuza na wenye kununua. Namayiana alimfuta binti yake mgongo kwa pindo la shuka.

"Kesho hatuandikishani," akasema.

"Najua, mwanangu."

"Kiwanja ni kizuri, huyu kakipima vizuri. Ukuta huo ukishuka chini, niite, nije nione kilichobaki. Labda nitanunua. Labda sitanunua, sikudanganyi."

"Sawa."

"Na wewe usilale humu."

Sironga akatikisa kichwa, akamshukuru kwa chai, akawasha pikipiki. Watoto hawakuletwa tena kuinamisha vichwa. Bibiana alisimama kizingitini mpaka vumbi likatua. Mnunuzi wake wa pekee ndiye huyo ameondoka, na yeye ndiye aliyemfukuza kwa mdomo wake.

Alikuwa hajaamua aogope lipi alipoanza kusikia mtaa. Ko, ko, ko. Watu walikuwa wanagonga kuta zao, ndani, nyumba baada ya nyumba, wanasikiliza. Pengine pakaitikia pakavu. Pengine palinyamaza. Nyumba ya tatu mtu akapiga ukunga. Kwa Hezekia hapakusikika kugonga kokote, ila mzee mwenyewe alitoka kinyumenyume, kamshika mkewe mikono yote miwili, kama mtu anayemvusha mto. Vijana walikuwa wanambeba bibi mgonjwa na kitanda chake chote. Magodoro yakaanza kutoka milangoni. Yalitandikwa katikati ya njia, mbali na kuta, na watoto wakayarukia wakidhani ni sherehe, wakachapwa vibao vya woga. Zabron alipigiwa simu na kila mtu. Simu yake ilikuwa imezimwa.

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya milima. Bibiana alitafuta cha kukalia, akakumbuka magodoro yake yako Mikumi, akatandika khanga chini akaketi. Kila nyumba aliyoitazama iling'aa krimu, safi, nzuri kwa wageni, na kila moja aliiona imeinama kidogo upande wa watu.

Simu ikalia. Debora.

"Mama! Nimeshafagia chumba. Madereva wanakuulizia huku. Mmewahi kuandikishana leoleo au mpaka kesho?"

"Bado," Bibiana akasema. "Mwanangu, leo tunalala nje."

"Nje? Wewe na nani?"

Kishindo kikasikika nyuma ya nyumba yake, kifupi, kizito. Bibiana hakugeuka kutazama. Alianza kuwahesabu, kwa kidole, waliokuwa wamekaa kwenye magodoro.

"Subiri," akamwambia mwanawe. "Subiri kwanza nione kama tumetimia."